Chimiini nyumbani: watoto wanaelewa lakini hawajibu

Ndugu zangu, assalamu alaikum.

Ninaishi Leicester na watoto watatu, na tangu walipozaliwa nimezungumza nao Chimiini, lugha yetu watu wa Barawa, Somalia. Mkubwa alipoanza shule alirudi nyumbani na Kiingereza, wadogo wake wakamfuata, na sasa wote wananielewa lakini hakuna anayenijibu kwa lugha yetu. Mume wangu, aliyekulia Mombasa, anashauri tuwafundishe Kiswahili, kwa kuwa kina vitabu na wasemaji wengi, na ni ndugu wa Chimiini. Je, yupo aliyefanikiwa kuwarejesha watoto wake, na alifanyaje?

*

Dada yangu, wa alaikum salaam.

Shemeji ana nia njema, lakini udugu huo ndio ulionipokonya mtoto wangu wa kwanza. Tulipoikimbia Barawa mwaka 1991 tukaingia kambini Mombasa, nilidhani kwamba aliyekuwa akijifunza Kiswahili alikuwa bado yumo ndani ya Chimiini, kumbe alikuwa akitoka polepole bila mimi kushtuka. Aliyezoea kusema "amefika" haoni haja ya kitenzi chetu kinachobadilika mwishoni kuonyesha jambo lililokwisha tendeka, kwa jamii ile ya viishio vya "-ile" ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha, wala hasikii tena kwamba kwetu irabu fupi na irabu ndefu hutenganisha maana. Kiswahili wafundishe, ila kwa saa yake na kwa msemaji wake, yaani baba yao.

Kwa huyu wa pili, hapa Columbus, Marekani, kilichonisaidia ni steenzi, yaani tenzi zetu za dini. Dada Masiti, mshairi wa Barawa aliyefariki mwaka 1919, alitunga kwa Chimiini, na mashairi ya aina hiyo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa vifuani na wanawake waliokuwa wakiyaghani. Binti yangu alikuwa amekwisha kujifunza hati hizo chuoni kwa ajili ya Kurani, kwa hiyo hakuhitaji alfabeti mpya, na alifu, wau na ye zikamwonyesha urefu wa irabu ambao sikio lake lilikuwa limeupoteza. Tulisoma beti mbili tu kila Jumapili, nami nikimweleza maana kwa Chimiini hicho hicho, hata pale ilipochukua nusu saa.

Jambo jingine: asichekwe. Jamaa mmoja alimcheka alipokosea, naye akanyamaza kwa miezi mitatu, na aliyemfungua mdomo ni bibi yake aliyeko Mombasa, ambaye hajui Kiingereza na kwa hiyo hakumwachia pa kukimbilia kila walipopigiana simu. Ninazo sauti za bibi huyo akighani, alizozirekodi kwa simu yake mwenyewe. Ukizihitaji nitakutumia leo usiku, ila utavumilia jogoo wa jirani, ambaye amewika karibu katika kila ubeti.