Ushauri: Linux ya mzee imeisha leseni na mafaili hayafunguki, Jumamosi fundi anakuja

Mkazi wa Nkuhungu · Jumatano 20:41
Mbukwenyi wakuu. Nipo Dodoma, naombeni mawazo ya haraka maana nina siku tatu tu.

Nyumbani kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, ina Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows. Mtumiaji mkuu ni baba yangu, mwalimu mstaafu, anaandikia humo mahesabu ya shamba lake la zabibu kule Hombolo. Mimi nina laptopu ya Windows 11, nilikuwa nafungua folda yake kwa wifi ya ndani, nachukua hesabu naenda kuziprinti mjini. Wiki hii yamenikuta mawili kwa mpigo. Laptopu imegoma kufungua ile folda, inadai sera za usalama za shirika langu haziruhusu wageni. Shirika lipi? Mimi nauza nguo za watoto Sabasaba! La pili, Ubuntu haikubali kusasisha. Inamwaga maandishi, nikaona "not valid", nikajua leseni imekwisha.

Hivi leseni ya Linux inalipiwa wapi, na kwa simu inawezekana?

Dereva wa Bajaji · 20:46
Tuma kwa namba yangu, nitamfikishia Linux mwenyewe.

Fundi Asiye na Duka · 20:52
Piga chini hiyo kitu, weka Windows. Mzee wa zabibu na Linux wapi na wapi? Hayo ni mambo ya vijana wa UDOM.

Pengwini wa Ipagala · 20:58
Mkuu, Linux haina leseni ya kuisha. Ubuntu ni ya bure, na hiyo 22.04 inapata masasisho hadi Aprili 2027. Usimlipe mtu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika sudo apt update, halafu utubandikie kila neno linalotoka. Na utuambie, kuna kitu chochote ulichobadilisha kwenye hiyo mashine?

Mkazi wa Nkuhungu · 21:03
Sijabadilisha chochote. Ipo kama ilivyonunuliwa.

Mama Tumaini · 21:09
Mimi kompyuta sizijui, ila nimeguswa na kijana anayehangaikia mahesabu ya baba yake. Vijana wengi wakishapata vifremu mjini hata simu ya mzazi hawapokei. Mungu akubariki. Swali langu, huyo mzee ana nakala ya hayo mahesabu kwenye daftari?

Mkazi wa Nkuhungu · 21:13
Hapana mama, yote yamo kwenye kompyuta.

Mzee wa Reli · 21:17
Mwana, nikwambie yaliyonipata Manyoni. Nilikuwa nasasisha Ubuntu, imefika katikati, umeme puu. Kuwasha tena haitaki kusakinisha kitu, inalalamika dpkg, ile inayosakinisha programu, ilikatizwa. Jirani akanishauri nifute mafaili ya kufuli kwa nguvu. Nikafuta, nikaendelea kulazimisha, nikavuruga mfumo mzima nikaishia kufomati. Picha za harusi ya binti yangu zilikuwa humo. Baadaye mtu ananiambia dawa ilikuwa mstari mmoja tu, sudo dpkg --configure -a. Mpaka leo mke wangu akiona kompyuta ananitazama kwa jicho lile. Kwa hiyo kabla ya yote, nakala kwenye fleshi.

Pengwini wa Ipagala · 21:20
Mzee wa Reli yuko sahihi kwa nakala. Mleta mada, maandishi yako wapi?

Mkazi wa Nkuhungu · 21:24
Nimepiga picha kwa simu, hii hapa. Pia Firefox kwenye kompyuta hiyo inasema kila tovuti si salama, ndiyo maana natumia simu. Na niseme ukweli, fundi nilishaongea naye. Jumamosi anakuja kufomati aweke Windows, nimeshampa 10,000 ya kuanzia. Msinishambulie. Mzee yeye anataka afungue mahesabu yake tu, na mimi dukani sina muda wa kujifunza mistari.

Mama Tumaini · 21:27
Afomati na mahesabu hayana nakala? Baraka zangu nazirudisha mfukoni kwanza.

Mkazi wa Nkuhungu · 21:29
Fundi amesema atayahamisha.

Mzee wa Reli · 21:30
Wote husema hivyo.

Kamanda Kipepeo · 21:38
Wakuu mnapoteza bando. Hii ni chai, tena ya rangi. Kuzeni hiyo picha mtazame juu katikati ya kioo. Imeandikwa Aug 9, saa 3:20 AM. Leo ni tarehe 11 Machi, na jamaa kaposti saa 21:24. Picha ya Agosti alfajiri, kaiokota mtandaoni. Hakuna mzee, hakuna zabibu, hakuna Hombolo. Kesho atatuambia fundi kakimbia na kompyuta, tumchangie.

Dereva wa Bajaji · 21:40
Nilishaanza kumwonea huruma mzee wa watu. Rudisheni machozi yangu.

Fundi Asiye na Duka · 21:43
Nilihisi tangu mwanzo. Nani Dodoma anaweka Linux nyumbani?

Mkazi wa Nkuhungu · 21:51
Kamanda, njoo Nkuhungu nikuoneshe mzee, yupo sebuleni anasikiliza redio. Picha nimepiga leo. Nikisema kwa nini saa iko hivyo mtanicheka.

Pengwini wa Ipagala · 21:53
Sema. Hapo ndipo penyewe.

Mkazi wa Nkuhungu · 21:59
Mzee hakubali saa ya Kizungu. Saa mbili asubuhi anataka aone 2, siyo 8. Anasema amefundisha watoto miaka 34 kusoma saa ya Kiswahili, hawezi kuja kuaibishwa na kompyuta kwenye nyumba yake. Basi nikazima saa ya kujirekebisha yenyewe, nikaiweka kwa mkono. Sasa hivi saa tatu na dakika kadhaa usiku, kioo kinaonesha 3. Tangu mwezi wa kwanza umeme ukikatika saa inapotea, nairudisha tena. Ila narekebisha saa na dakika tu, tarehe nani anaiangalia? Kuna kalenda ukutani. Na sioni kosa hapo, mzee ana haki ya kusoma saa kwa lugha yake.

Mama Tumaini · 22:02
Ana haki! Baraka zimerudi nusu.

Pengwini wa Ipagala · 22:14
Kamanda, ulikuja kumkamata mwongo, umekamata ugonjwa. Kwenye picha sentensi haiishii "not valid", inamalizia "not valid yet". Maana yake bado haijaanza kutumika. Orodha ya masasisho huwa na tarehe ilipotolewa. Mashine yako inaamini bado iko Agosti ya mwaka 2022, kwa hiyo orodha ya leo inaiona imetoka siku zijazo, inaikataa. Firefox nayo ni hivyo hivyo, vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Tarehe inapotea kwa sababu betri ndogo ya kwenye bodi imekufa, ile bapa kama sarafu, CR2032. Ndiyo hukumbuka saa umeme ukiwa haupo. Zima, chomoa waya ukutani, itoe, weka mpya.

Hata betri ikiwa nzima, bila tarehe kukosea, hiyo saa unayoiweka kwa mkono inaiweka mashine nyuma kwa saa sita. Orodha iliyotolewa saa mbili zilizopita itaikataa vilevile. Bila shaka kuna siku ilikuwa inagoma halafu kesho yake inakubali.

Mkazi wa Nkuhungu · 22:17
Kweli kabisa! Nikawa nasema ni mtandao. Lakini mzee sitamwambia asome 8.

Pengwini wa Ipagala · 22:26
Asisome 8. Saa yetu iko mbele ya ile ya dunia kwa tatu, na ya Kiswahili iko nyuma ya hiyo yetu kwa sita. Tafuta nchi iliyo nyuma ya dunia kwa tatu, uazime majira yake. Argentina. Washa saa ya kujirekebisha:

sudo timedatectl set-ntp true

kisha:

sudo timedatectl set-timezone America/Argentina/Buenos_Aires

Muonekano uache wa saa 12. Hapa saa mbili asubuhi, Buenos Aires ni saa 2:00 kwa hesabu yao. Ndani mashine itakuwa na muda sahihi, nje mzee anaona 2. Hiyo AM na PM itakuwa ya ovyo, asiijali. Na kuanzia usiku wa manane hadi kumi na mbili asubuhi tarehe itakuwa bado ya jana, ila saa hizo nadhani amelala.

Kamanda Kipepeo · 22:31
Subiri. Mgogo wa Hombolo aishi kwa saa ya Argentina?

Pengwini wa Ipagala · 22:40
Ndiyo. Tumalizie folda, ni ugonjwa mwingine kabisa, haihusiani na saa. Laptopu yako lazima ni Windows 11 Pro na imejisasisha kwenda 24H2. Tangu toleo hilo, hata Pro haiingii tena kwenye folda isiyo na paswedi. Hilo "shirika" ni maneno ya Microsoft tu, hakuna anayekuchunguza. Kwenye Ubuntu andika sudo smbpasswd -a likifuatiwa na jina la mtumiaji wa mzee, upange paswedi. Samba, programu ya Linux inayogawa folda kwa kompyuta nyingine, ina paswedi yake, ile ya kuwashia kompyuta haiitambui, wengi hapo ndipo wanapokwama. Kwenye mipangilio ya folda ondoa ruhusa ya wageni, kisha kwenye laptopu ingia kwa jina hilo na paswedi hiyo. Usikubali mtu akwambie uwashe SMB1, njia ya zamani ya kugawana mafaili. Ndiyo mlango uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwaka 2017.

Fundi Asiye na Duka · 22:44
Windows ingekuwa imeshamaliza.

Dereva wa Bajaji · 22:45
Windows ndiyo imekataa kufungua folda, fundi.

Mkazi wa Nkuhungu · Jumapili 16:12
Mrejesho. Betri 2,000 nimeipata mjini. Nakala nimeweka kwenye fleshi mbili, moja iko kwa dada Kizota. Saa imekaa, masasisho yameshuka karibu asubuhi nzima, nilikaa naomba umeme usikatike. Folda imefunguka kwa paswedi. Fundi alikuja jana hivyo hivyo, akakuta inafanya kazi, akala ugali wetu na mlenda, 10,000 hajarudisha. Anasema ni ya kuja.

Kamanda Kipepeo · 16:20
Picha.

Mkazi wa Nkuhungu · 16:27
Hiyo hapo. Mkono unaoonekana ni wa mzee, ameshika rula.

Kamanda Kipepeo · 16:33
Kioo kinasema 10:25. Saa kumi na dakika ishirini na tano. Sawa, nimenywa maji.

Mkazi wa Nkuhungu · 16:41
Tatizo jipya ni kwamba amefungua mipangilio mwenyewe, akaona Buenos Aires. Ameniita, nikamweleza yote. Hakukasirika. Ameuliza huko Argentina wanalima zabibu?

Pengwini wa Ipagala · 16:48
Mwambie wanalima sana, Mendoza. Na mwezi huu wako kwenye mavuno.

Mkazi wa Nkuhungu · 16:55
Nimemwambia. Anauliza wanauza kilo shilingi ngapi.