Nimenunua gari lina madeni ya trafiki: nalipaje, na leseni inaweza kufungiwa?

Mtaa_wa_Pili: Wakuu, salaam. Nimenunua gari kwa mtu hapa Dar, kadi bado inasoma jina lake. Nimeingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi (tms.tpf.go.tz) nikakuta madeni matatu. Mawili ni ya kabla sijalinunua, kila moja 30,000 na nyongeza 7,500. La tatu ni langu, mwendokasi, 30,000, leo siku ya tano. Jumla 105,000. Kuna mtu kaniambia makosa matatu leseni inafungiwa. Nianzie wapi?

Gia_ya_Tano: Pole mkuu. Anza na la kwako, leo hii. Zikipita siku 7 inapanda asilimia 25, ndiyo hiyo 7,500 unayoiona kwenye yale mengine.

Kila deni lina namba yake ya malipo, tarakimu 12, kwa kawaida zinaanza na 99. Usijumlishe madeni ukatuma hela kwa mkupuo mmoja. Lipa moja moja. Kwa simu ingia *150*00# kama una M-Pesa, *150*01# Mixx by Yas, *150*60# Airtel Money, tafuta malipo ya serikali, ingiza namba, weka kiasi kile kile kilichoandikwa. Benki na mawakala nao wanapokea. Ukimaliza, rudi kwenye mfumo uangalie kama deni limesomeka limelipwa. Meseji itunze, lakini ujue trafiki anaamini kinachoonekana kwenye mashine yake, hivyo usiondoke na gari kwa safari ndefu kabla hujahakikisha. Na hela taslimu usimkabidhi mtu yeyote barabarani.

Mama_Fundi: Hayo mawili ya zamani, ndugu yangu, angalia namba ya leseni iliyoandikwa kwenye kila deni. Mfumo unatafuta kwa gari au kwa leseni. Tafuta mara ya pili kwa leseni yako peke yake.

Mtaa_wa_Pili: Nimefanya hivyo. Kwa leseni yangu limetoka moja tu, lile la mwendokasi.

Mama_Fundi: Basi makosa ni ya dereva mwingine, ila deni limeganda kwenye namba ya gari. Askari akiisoma pale barabarani anakuta gari linadaiwa, na anaweza kulizuia mpaka lilipwe. Kama kuna hela ya muuzaji hujaimaliza, punguza 75,000 humo. Kama ulishamlipa yote, mtumie picha ya madeni yenye tarehe, na tarehe ya mkataba wenu. Akikaidi, lipa, kisha mdai kwa risiti. Kadi ibadilishe jina TRA mapema, maana anachoandikiwa yeye na unachoandikiwa wewe vitazidi kuchanganyika. Wanunuzi wengi wanakagua injini na bodi, hili la dakika mbili wanaliacha!

Wakili_Kijana: Nijibu la leseni. Madeni na kufungiwa leseni ni mambo mawili tofauti. Yale mawili yana leseni ya mtu mwingine, hayahesabiki kwako. Mahakama ndiyo yenye mamlaka ya kumzuia mtu kuendesha baada ya kumtia hatiani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hasa kwa ulevi, kuendesha kwa hatari au kusababisha kifo. Polisi nao wamewahi kutangaza kufungia leseni za madereva wa mabasi kwa mwendokasi na kuovateki pabaya. Aliyefungiwa akiendesha anatenda kosa jingine, na akigonga, bima ina sababu ya kukataa kulipa.

Kitu kimoja muhimu: kulipa faini ya papo kwa papo ni kukiri kosa. Kama unalipinga la mwendokasi, usilipe kwanza ukalalamika baadaye. Omba kuona picha ya tochi (kamera ya kupimia spidi): namba ya gari, spidi, tarehe, saa, na mahali. Kwenye makazi kikomo ni 50, kwa hiyo kama picha inaonyesha 68 na kibao kipo, huna kesi. Kama namba ya gari haisomeki au mahali si penyewe, mwambie askari unataka kwenda mahakamani. Hiyo ni haki yako.

Mtaa_wa_Pili: Picha niliiona, namba ni yangu na spidi ni 71. Nalipa sasa hivi.

Gia_ya_Tano: Sawa mkuu. Ukishalipa, tazama na leseni yako inaisha lini. Sasa inadumu miaka 5 na kuihuisha TRA ni 70,000. Iliyoisha muda inakuandikisha kosa jipya hata kama hudaiwi shilingi.