Baladi ya roki kwenye harusi: Scorpions, Guns N' Roses, Extreme au Foreigner?

Kinanda_Jinja
Wadau habari za jioni. Sisi ni bendi ya watu watano hapa Jinja, gitaa mbili, besi, ngoma na mimi kwenye kibodi, kawaida tunapiga lingala na zile kantri za Kenny Rogers ambazo wazee wa Uganda hawazichoki. Sasa tuna harusi mwezi ujao, bwana harusi mwenyewe ni mgonjwa wa roki ya zamani, ametuambia saa ya kukata keki anataka baladi moja ya roki, yaani wimbo wa pole pole, moja tu, tuchague sisi. Nimebaki na nne: Wind of Change ya Scorpions, November Rain ya Guns N' Roses, More Than Words ya Extreme na I Want to Know What Love Is ya Foreigner. Siulizi ipi tamu kusikiliza, zote nazipenda tangu enzi za kanda. Nauliza ipi itasimama ikipigwa na watu watano chini ya hema, wageni kama mia tatu wanakula pilau na nusu yao roki hawaijui kabisa.

Mpakani_Busia
Hapo unauliza nini sasa, November Rain! Piano ile ikianza tu watu wote wananyamaza, alafu kwenye video Slash, mpiga gitaa wao, anatoka nje ya kanisa dogo kule jangwani anasimama na gitaa peke yake, banange. Video yenyewe ilikula karibu dola milioni 1.5 na hiyo ni pesa ya 1992. Na mwaka 2018 ikawa video ya kwanza ya zamani, za kabla ya YouTube kuzaliwa, kufikisha watazamaji bilioni moja humo. Bilioni ssebo. Kwenye chati ya Marekani ilifika namba 3, wimbo wa karibu dakika 9, wakati redio zinataka dakika tatu nne hivi. Piga hiyo, mambo yaishe.

Mama_Pacha_Ntinda
Mpakani wewe hiyo video uliitazama hadi mwisho kweli au ulikuwa unaangalia gitaa tu? Harusi inafanyika vizuri, mvua inanyesha, wageni wanakimbia ovyo, mtu mmoja anaruka anapita katikati ya meza ya keki, KEKI, alafu tunaonyeshwa jeneza, bibi harusi amekufa. Na nyinyi mnataka kuupiga saa ya kukata keki!! Mama wa bibi harusi akiwa anaujua huo wimbo mtafukuzwa kabla ya soda.

Mpakani_Busia
Dada nani anakumbuka video, watu wanasikiliza muziki

Mama_Pacha_Ntinda
Wewe ndo umeleta habari ya watazamaji bilioni 😂

Fundi_Saundi_Wdg
Tuache ya jeneza kidogo tuangalie kazi yenyewe. Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, aliubeba huo wimbo miaka, kuna demo (rekodi ya majaribio) ya 1986, albamu imetoka Septemba 1991, na zile fidla zote mnazosikia zilitengenezwa na yeye kwa sinthesaiza, kibodi ya umeme inayoiga vyombo, hakuna okestra pale. Maana yake ni wimbo uliojengwa studio tabaka juu ya tabaka. Kinanda una mikono miwili, ya piano utatoa wapi na ya fidla utatoa wapi? Ukiondoa fidla unabaki na kitu kirefu na kitupu, wageni wataanza kupiga simu. Na solo, pale gitaa linapobaki peke yake mbele, sio moja, mpiga gitaa wenu anaziweza zote au anaweza ile moja kila mtu anaijua?

More Than Words ni kinyume chake kabisa. Nuno Bettencourt wa Extreme na gitaa moja kavu, lisilo la umeme, Gary Cherone anaimba, Nuno anafuata sauti ya pili, huku anapigapiga mwili wa gitaa ndo inakuwa ngoma. Basi. Ilikuwa namba moja Marekani 1991, na kichekesho ni kwamba bendi yenyewe ilikuwa ya gitaa za fujo, watu wakanunua albamu wakidhani yote ni pole pole hivyo, wakashtuka. Kwetu sisi hiyo ni kadongo kamu tu, mtu na kagitaa kake anasema maneno yake, mzee wa kijijini hahitaji kufundishwa.

Shida ni hema. Nilishafanya kazi kwenye hoteli moja, sitaitaja, jenereta waliiweka mita tano nyuma ya jukwaa, vijana wawili wakapanda na wimbo huohuo, kilichosikika ni jenereta na sahani. Wimbo mzuri ule lakini unataka watu wamekaa kimya na hakuna Mganda anayekaa kimya mbele ya pilau.

Afande_Mstaafu
Vijana salaam. Mimi ni Scorpions. Wind of Change niliisikia kwa redio nikiwa kambini, nadhani 1991 hiyo, hatukujua maneno hata moja ila ule mluzi wa mwanzo kila mtu kambini alikuwa anapiga, hadi wapishi. Wimbo wa ukuta wa Berlin huo, wa uhuru. Harusi pia ni mabadiliko, upepo unabadilika nyumbani kwa mtu.

Arua_Moja
Afande heshima yako mzee wangu, naomba nirekebishe kidogo tu. Haikuandikwa kwa ajili ya ukuta. Klaus Meine, mwimbaji wa Scorpions, aliupata Moscow, Agosti 1989, kulikuwa na tamasha kubwa la roki pale uwanja wa Lenin, Scorpions, Bon Jovi, Ozzy Osbourne na wengine, vijana wa Kisovieti wamejaa. Wajerumani wanakuja Moscow na gitaa, baba zao walikuja na vifaru, fikiria hiyo hali. Ukuta ulianguka Novemba, wimbo wenyewe ukatoka kwenye albamu ya mwisho wa 1990. Watu ndo waliufunga kwenye ukuta baadaye, manake ulikuja wakati kila kitu kinaanguka, na Desemba 1991 wakaitwa Kremlin, ikulu ya Moscow, kuonana na rais Gorbachev, siku chache kabla ya Muungano wa Kisovieti kufa.

Na huo mluzi unaousifia Afande, kampuni ya rekodi ilitaka utolewe! Wakajaribu bila mluzi wakaona wimbo umekufa, wakaurudisha.

Ila kwa harusi mimi nasema hapana. Ni wimbo wa siasa ule, Meine mwenyewe 2022 alibadilisha maneno ya mwanzo kwa sababu ya vita vya Ukraine, hakutaka tena kuimba sifa za Moscow. Bibi harusi wa Jinja anahusika wapi na mto wa Moscow, yeye ana Nile yake.

Afande_Mstaafu
Asante mwanangu, miaka thelathini nawaambia watu Berlin. Lakini kura yangu haibadiliki.

Mama_Pacha_Ntinda
Afande na harusi zetu hizi keki inakatwa saa mbili usiku. Bibi yangu angesikia mtu anapiga mluzi usiku angesema anaita nyoka, na wewe unataka wageni mia tatu wapige pamoja

Soprano_Tororo
Jamani mbona Foreigner mnairuka, ndo jibu liko hapo. Mick Jones aliandika, Lou Gramm akaimba, imetoka mwisho wa 1984, mwanzoni mwa 1985 ikawa namba moja Uingereza na Marekani pia. Lakini kilichoibeba ni kwaya. Waliita kwaya ya kanisa kutoka New Jersey, New Jersey Mass Choir, na Jones amesimulia kwamba mara za kwanza kwaya haikushika, wakaimba wakaimba haikai, mwisho wakakaa duara wakasali Baba Yetu, waliporudi kwenye mikrofoni ikatoka ile mnayoisikia. Mtu yeyote aliyeimba kwaya anajua hiyo stori ni ya kweli hata angekuwa hajaambiwa, kuna siku sauti zinakataa tu mpaka mtu aseme tuombe.

Sasa kaka Kinanda fikiria. Harusi ya hapa lazima kuna kwaya, ishaimba kanisani mchana, ishavaa sare, imekaa hapohapo meza ya nyuma inasubiri chakula. Wanajua sauti tatu na nne bila karatasi. Nyinyi pigeni beti za mwanzo pole pole, watu waendelee na pilau, hamna neno, ule wimbo unaanza chini makusudi. Kiitikio kikifika kwaya inasimama. Hata asiyejua roki atafikiri ni pambio.

Fundi_Saundi_Wdg
Naunga mkono, na kibodi mle ni moja inayotandika chini tu, Kinanda anaiweza akiwa anapiga miayo. Angalizo moja: Lou Gramm ana sauti ya juu sana, mwimbaji wenu asijitie ushujaa, shusheni kodi hata hatua mbili (kodi za gitaa, sio kodi za URA, wakusanya ushuru wetu). Na kwaya msiwape mikrofoni kila mtu, wekeni mbili mbele yao, wasimame karibu karibu.

Mpakani_Busia
Kwa hiyo roki yote imeisha tumerudi kanisani. Sawa tu.

Arua_Moja
Roki ilitoka kanisani ndugu, imeenda kusalimia.

Kinanda_Jinja
Wadau narudi na ripoti, harusi ilikuwa jumamosi. Tulichukua ushauri wa dada Soprano. Kwaya tulifanya nao mazoezi mara moja tu, alhamisi, na mwanzoni ikakataa kweli kama alivyosema, walikuwa wanaburuta kiitikio kama wimbo wa msiba, hadi mwalimu wao akawaambia wahesabu mapigo kimya kwa mguu, ikakaa. Hatukusali, muda ulikuwa umeisha.

Siku yenyewe beti ya kwanza hakuna aliyetuangalia, nakwambia hakuna, hadi nikamwangalia mpiga besi. Kiitikio cha kwanza watu wakageuza vichwa. Cha pili kuna mashangazi watatu wamesimama mikono juu, mmoja alinifuata baadaye ananiuliza sisi ni wa kanisa gani. Bwana harusi alikuwa anaimba kila neno, kisu mkononi, keki imesahaulika, emsii anahangaika na ratiba. Tulirudia kiitikio mara nne zaidi ya tulivyopanga kwa sababu kwaya ilikataa kukaa.

Alafu Mpakani furahi, saa nne usiku wazee wameondoka bwana harusi akaja jukwaani kuomba November Rain. Tukampigia solo.

Mpakani_Busia
NILISEMA. Solo ipi, ya nje ya kanisa au ya mwisho?

Kinanda_Jinja
Ya nje ya kanisa. Ya mwisho mpiga gitaa alisema haiwezi bila kula.