Bibi asipewe hizo dawa

Mjomba Athumani: *Imesambazwa mara nyingi* "Madaktari wamegundua kusahau kwa wazee kunaletwa na kirusi cha vidonda vya mdomo!! Mpe mzee asiklovia siku 30 akili itarudi."

Mjomba Athumani: Hii ni kweli au ndiyo yale yale? Vidonge si ghali, naweza kumchukulia Bibi kesho asubuhi.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Usichukue. Nusu ya kwanza ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili imeshajaribiwa, ikagoma.

Mjomba Athumani: Marahaba. Imejaribiwa na nani?

Zuhura: Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wagonjwa 120 wa Alzheimer (ugonjwa wa kusahau wa wazee) ya hatua za mwanzo, wote damu zao zinaonyesha waliwahi kuambukizwa hepesi, ndicho hicho kirusi cha vidonda vya mdomo. Wengine walipewa valasiklovia (ikiingia mwilini inageuka asiklovia), wengine vidonge visivyo na dawa, wiki 78. Dozi gramu 4 kwa siku! Mgonjwa wa mkanda wa jeshi tunampa gramu 3 kwa siku, tena siku 7 tu. Majibu yakatoka 2025: waliomeza dawa hawakupata nafuu, na kwenye kipimo cha kumbukumbu walishuka kuliko wenzao.

Mjomba Athumani: Basi kirusi kinasingiziwa.

Dada Neema: Hapana mjomba, hapo ndipo watu wanaporuka hatua. Hepesi aina ya 1 huingia mdomoni, mara nyingi utotoni, ikapanda na mshipa wa fahamu wa uso na kulala kwenye fundo la mshipa huo ndani ya fuvu. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 64 ya watu wa chini ya miaka 50 wanayo. Sasa asiklovia haifanyi kazi mpaka iwashwe na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Kirusi kilicholala hakitengenezi hicho kimeng'enya, kwa hiyo dawa inapita tu kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Na seli za ubongo zilizokwisha kufa hairudishi.

Mjomba Athumani: Lakini nani alisema kirusi kinafika hadi kwenye ubongo?

Dada Neema: Ruth Itzhaki na wenzake, Manchester, 1991. Walikuta DNA yake kwenye ubongo wa wazee waliokufa. Ila soma vizuri: waliikuta kwa wenye Alzheimer NA kwa wasio nayo. Mwaka 1997 wakaonyesha hatari iko pale kirusi kinapokutana na APOE4, jeni ya kurithi inayoongeza uwezekano wa Alzheimer. Kirusi peke yake hakitoshi.

Dada Neema: Halafu Boston, Robert Moir na Rudolph Tanzi wakaja na jambo lililowashangaza wengi: ile amiloidi, uchafu unaoonekana kwenye ubongo wa mgonjwa, inaua vijidudu. Mwaka 2018 kundi lao likaonyesha inakinasa kirusi cha hepesi kama nzi kwenye utando wa buibui. Kwa hiyo huenda ni ulinzi uliopitiliza. Mwaka huohuo timu nyingine ilidai hepesi ya 6 na ya 7 zimejaa kwenye ubongo wa wagonjwa, magazeti yakapiga kelele. Wengine walipopima upya hawakuliona hilo. Ndiyo maana mimi ushahidi wa maabara nauonja kwanza, siumezi.

Asha (Cardiff): Ushahidi mzito uko huku kwetu Wales jamani, na haukutoka maabara. Tarehe 1 Septemba 2013 chanjo ya mkanda wa jeshi ilianza kutolewa kwa tarehe ya kuzaliwa. Umezaliwa 2 Septemba 1933 au baada yake, unapata. Umezaliwa siku moja kabla, hupati maisha yako yote.

Mjomba Athumani: Uonevu huo 😂

Asha (Cardiff): Uonevu uliozaa elimu mjomba. Kwa kawaida mtu anayejipeleka kuchanjwa pia anakula vizuri na anapima presha, hujui kilichomsaidia ni kipi. Hapa waliopishana wiki moja tu wanafanana kwa kila kitu. Waliochelewa kuzaliwa, asilimia 47 walichanja. Waliotangulia, karibu sifuri. Baada ya miaka 7, chanjo ilikuwa imepunguza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa takriban moja ya tano. Australia nako walikuwa na mpaka wa tarehe, jibu likaelekea kulekule.

Mjomba Athumani: Mkanda wa jeshi na vidonda vya mdomo wapi na wapi?

Dada Neema: Mtu na binamu yake. Kirusi cha mkanda wa jeshi ndicho cha tetekuwanga, nacho ni wa ukoo wa hepesi. Mwaka 2022, kwenye seli za ubongo zilizokuzwa maabara, chenyewe hakikuleta amiloidi, ila kilimwamsha binamu aliyelala, na yeye ndiye akaileta. Wapo wanaosema chanjo inaamsha kinga ya mwili kwa jumla tu. Mimi naona yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Asha (Cardiff): Ile ya 2013 ilikuwa chanjo hai (ina kirusi hai kilichodhoofishwa), haimfai mwenye kinga dhaifu. Tangu Septemba 2023 huku tunachoma Shingrix, si hai, sindano mbili. Mkono unauma na homa ya siku moja mbili.

Zuhura: Hapa kwetu haimo kwenye chanjo za taifa. Narudi kwenye vidonge. Mjomba, asiklovia inatoka kwa figo. Figo ya mzee imechoka, maji hanywi, na diklofenaki ya magoti juu yake: dawa inajikusanya, anaanza kuweweseka na kuona watu wasiokuwepo. Yaani umenunua dawa ya kuchanganyikiwa inayochanganya.

Zuhura: Kazi yake ni mkanda wa jeshi, ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke: miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7, figo ikishapimwa. Vipele vikiwa karibu na jicho au ncha ya pua, hospitali siku hiyohiyo.

Dada Neema: Na mzee aliyechanganyikiwa GHAFLA huku ana homa, hiyo si Alzheimer. Inaweza kuwa malaria, mkojo mchafu, hata hepesi imeshambulia ubongo. Hiyo ya mwisho inatibiwa kwa sindano ya mshipa kila saa 8, siku 14 hadi 21, na kila saa unayochelewa inakula ubongo.

Mjomba Athumani: Bibi ni polepole, mwaka sasa.

Zuhura: Basi apimwe vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU, sukari, figo. Na mbebe mfuko wa dawa ZOTE anazotumia.

Mjomba Athumani: Ni za presha tu. Na Piriton kila usiku apate usingizi.

Zuhura: Kila usiku?? Tangu lini?

Mjomba Athumani: Mwaka hivi.

Zuhura: Mjomba, Piriton nayo inaweza kumsahaulisha mzee. Nipigie sasa hivi.