TV zenu za "kulainisha" picha zinaua katuni za kompyuta!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Juzi nimealikwa kwa jamaa yangu kuangalia Spider-Man: Into the Spider-Verse kwenye TV mpya. Dakika chache tu naona mambo siyo, watu wanateleza kama wamepakwa mafuta. Naomba rimoti nizime ule mfumo wa kulainisha mwendo, mwenye TV anagoma: "Acha hivyohivyo bwana, ukizima inakwamakwama." Eti dukani walimwambia huo ndio ubora wenyewe!

Haikwami! Ni makusudi! Sinema inakwenda fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazofuatana. Waliotengeneza filamu hii ya 2018 waliamua sehemu nyingi pozi moja likae fremu mbili, yaani mapozi 12 tu kwa sekunde, ili kila pozi ulione limesimama kama mchoro wa kitabu cha katuni. Angalieni kile kipande cha msituni, Miles, dogo anayejifunza kuwa Spider-Man, na Peter B. Parker, Spider-Man mzoefu, wanatoroka maabara. Peter anabembea kwa mapozi 24, Miles kwa 12. Mzoefu anatiririka, dogo anababaika hewani, na hakuna aliyehitaji kusema neno. Kadiri dogo anavyoiva, mwendo wake nao unanyooka. Halafu TV inakuja kubuni fremu za katikati ambazo hakuna msanii aliyezitengeneza, mwalimu na mwanafunzi wote wanateleza sawa. Kazi ya watu inafutwa hivihivi!

Tena humo ndani waliutoa kabisa ule ukungu wa mwendo tuliozoea, yaani picha kufifia kitu kikienda kasi, wakaweka mistari ya kalamu na vidoto vya uchapaji wa zamani. Vitu vya mbali havififii, rangi zake zinaachana kidogo kama karatasi iliyochapwa vibaya. Mfumo wa TV ukifika hapo unaburuza vile vidoto, na kingo za mikono zinayeyuka mtu akirusha ngumi. Puss in Boots: The Last Wish ya 2022 nayo inapunguza mapozi kwenye mapigano, nayo inaharibiwa vilevile.

Na msiseme hamkuambiwa. Desemba 2018, mwezi uleule Spider-Verse ilipotoka, mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video kuomba watu wazime huo mfumo. Mpaka leo TV kibao zinatoka kiwandani ukiwa umewashwa, na muuzaji anausifia!

Nyie mnaopakia vipande mtandaoni mkiandika "imeboreshwa fremu 60", hamjaboresha chochote. Mmechukua uamuzi wa msanii mkaupiga pasi. Futeni.

Mwenye TV mpya aingie setingi, sehemu ya picha, atafute palipoandikwa motion, azime. Kila kampuni imeupa jina lake, kwa hiyo wekeni hapa jina la kwenye TV yako na njia ya kuufikia. Na kama kuna anayejua TV ya bei ya kawaida inayotoka dukani ukiwa umezimwa, aitaje.