Nick Drake, Five Leaves Left: huzuni ni ya kwake au tunamwekea sisi?

KijanaWaSinza
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa bongo fleva na rhumba za zamani kidogo, muziki wa Waingereza wa magita nilikuwa naupita tu kama duka lililofungwa. Wiki mbili zilizopita nipo kwenye daladala natoka Posta, foleni imelala pale Moroko, simu ikamaliza nyimbo zangu ikaanza kujichezea yenyewe. Ukaja wimbo gita linazunguka taratibu, jamaa anaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, halafu fidla zinaingia polepole kutoka nyuma mpaka nikavua earphone moja nikaangalia kama kuna mtu mwingine anasikia. Kumbe River Man ya Nick Drake, iko kwenye Five Leaves Left, 1969, albamu yake ya kwanza. Nimeshusha yote, nyimbo 10, dakika kama 42 hivi, na tangu siku ile sijatoka humo.

Sasa shida ni hii. Wife anasema nimeleta msiba ndani ya nyumba. Nikaenda kusoma habari za jamaa nikakuta alifariki Novemba 1974 ana miaka 26, alikuwa anaumwa sonona, dawa zilizidi. Tangu nisome hivyo siwezi tena kusikiliza kama mwanzo, kila mstari naona kama anaaga. Hata jina la albamu lenyewe, majani matano yamebaki, na kweli miaka mitano baadaye ndo akaondoka!! Nywele zilinisimama.

Maswali yangu mawili. Hii huzuni iko kwenye nyimbo zenyewe au sisi ndo tunaiweka kwa vile tunajua mwisho wake? Na la pili, kitu kizuri hivi kilikosaje wateja enzi hizo?

mzee_wa_santuri
Kijana, shusha nywele kwanza. "Five leaves left" ni maneno yaliyokuwa ndani ya pakiti ya Rizla, ile karatasi ya kusokotea. Ukikaribia kumaliza unakuta karatasi moja imeandikwa zimebaki tano, kanunue nyingine. Ndo hivyo tu. Ni kijana wa chuo na utani wake wa wavuta sigara, watu walikuja kuugeuza unabii baada ya mazishi.

Swali lako la kwanza mimi nina msimamo na nimebishana nao miaka. Wanaoisikiliza hii albamu kama barua ya kuaga wanamkosea huyu bwana. Angalia ilivyotengenezwa. Alianza kurekodi 1968 ana miaka 20, bado mwanafunzi Cambridge anasoma fasihi ya Kiingereza. Ashley Hutchings wa bendi ya Fairport Convention alimwona akipiga jukwaani London akamwambia Joe Boyd, yule prodyuza Mmarekani, naye akamchukua. Studio ni Sound Techniques kule Chelsea, jengo ambalo zamani lilikuwa la maziwa, fundi mitambo John Wood. Boyd akaleta mtu wa kazi, Richard Hewson, aandike sehemu za fidla. Dogo akasikiliza, akasema hapana, siyo hivi. Halafu akasema kuna rafiki yangu chuoni anaitwa Robert Kirby, yeye ataweza. Sasa jiulize, wewe una miaka 20, hujawahi kutoa hata wimbo mmoja, unalipiwa studio London, unapata wapi ubavu wa kumkataa mtaalamu umlete mwanachuo mwenzako? Huyo siyo mtu aliyekata tamaa, anajua anachotaka mpaka anatisha. Na Kirby alipokuja akafanya Way to Blue, sikiliza tena usiku, hakuna gita kabisa mle, ni sauti na fidla tu mwanzo mwisho.

River Man uliyoikuta kwenye daladala ndo Kirby alishindwa, akaletwa Harry Robinson. Cheka kidogo, huyu Robinson alikuwa anaandika muziki wa filamu za kutisha za Hammer, kampuni ya sinema ya Uingereza. Wakarekodi live, Nick kakaa katikati ya wapiga fidla na gita lake anaimba hapohapo. Ndo maana unasikia kama zinakuzunguka.

Na kwenye Three Hours zile ngoma za konga anapiga Rocky Dzidzornu, Mghana, yuleyule aliyepiga konga Sympathy for the Devil ya Rolling Stones. Mwafrika mwenzetu yumo mle watu wanasema muziki wa Kizungu mtupu.

Kuhusu mauzo nitarudi, chai inapoa.

Chizi_Fresh
Mimi nimesikiliza dakika tatu nikalala. Ila nimelala vizuri sana sidanganyi

gita_kavu
@Chizi_Fresh 😂😂 nenda zako.

Mkuu mleta uzi mimi naongea kama mpiga gita. Nimejifunza kwa mzee mmoja hapa Arusha, staili ya gita kavu, zile za kina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, kidole gumba na cha shahada basi. Nikadhani kwa hivyo Nick Drake nitammeza mchana mmoja. Nimekaa na ule wimbo wa 'Cello Song miezi mitatu! Kidole gumba chake hakisimami, kinatembea kwenye besi kama mtu anayekwenda zake sokoni, vidole vingine juu vinafanya mambo mengine kabisa, na sauti yake inaingia ikiwa imechelewa kidogo, haifuati gita, na gita haliisubiri. Ukijaribu kuimba huku unapiga unakuta mdomo unavuta mkono. Yeye hakosei hata kidogo, sauti ya gita iko sawa kila waya, hakuna unaopiga kelele kuliko mwenzake.

River Man ni hesabu ya tano. Kaa chini uhesabu kwa mguu, moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano. Sisi tumezoea nne au sita ya chakacha, kwa hiyo mguu unataka kushuka mapema anakunyima, unasubiri pigo moja zaidi. Mimi naona ile hali unayosema kama kuna kitu kinaondoka, nusu yake inatoka hapo. Siyo maneno, ni lile pigo la tano.

Halafu jamaa alikuwa halitunii gita kama watu, alikuwa analegeza na kukaza nyaya kwa namna zake, nyimbo nyingi kila moja na tuni yake. Hii inajibu na swali la pili kiasi. Piga picha uko jukwaani 1969, watu wamekuja na bia zao, unamaliza wimbo mmoja unainama unaanza kukaza nyaya dakika kadhaa, husemi neno, hutanii, huwaangalii, watu wanaanza kupiga stori. Ndo shoo zake zilivyokuwa. Mimi nililegeza waya mmoja nijaribu, kuurudisha juu ukakatika ukanichapa kidevuni, waya wenyewe ulikuwa wa mwisho kwenye pakiti, na duka la vifaa liko mjini. Huzuni niliijua siku ile.

mzee_wa_santuri
Nimerudi. @gita_kavu kamaliza nusu. Nusu nyingine ni kwamba hakupenda kujiuza kabisa. Alifanya mahojiano na gazeti mara moja tu maisha yake yote, 1971, na hata hayo yalikuwa ya kumvuta maneno. Kwenye 1970 shoo zikaisha. Video ya kumwonyesha anapiga akiwa mtu mzima haipo, mpaka leo watu wanatafuta. Alitoa albamu tatu, hii, Bryter Layter na Pink Moon, na inasemwa wakati ule hakuna hata moja iliyovuka nakala 5,000. Island Records, kampuni iliyotoa rekodi zake, hawakumfukuza lakini, wamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu baadaye sana, 1999, Volkswagen walitumia wimbo wa Pink Moon kwenye tangazo la gari Marekani na ghafla dunia nzima ikamjua. Miaka 25 kaburini, anafufuliwa na tangazo la gari. Sijawahi kulizoea hilo.

Na mwaka 2025 wametoa boksi la mazoezi na majaribio ya hii albamu ya kwanza, wimbo uleule umepigwa hivi, umepigwa vile, mpaka ukafika ulipo. Kwa anayedhani ilimwagika tu kutoka kwenye moyo uliopasuka, asikilize hilo. Ni kazi. Kazi ya karibu mwaka.

DadaWaCoventry
Salaam jamani. Niko huku Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku. Naomba nimpinge kidogo mzee wetu kwa heshima zote shikamoo.

Huzuni ipo. Ila siyo ya kufa, ni ya huku. Ukikaa Uingereza utaielewa hii albamu bila kamusi. Mwezi wa kumi na moja saa kumi jioni taa za barabarani zimeshawaka, umetoka kazini asubuhi giza, umelala, umeamka giza tena. Ule wimbo wa mwisho, Saturday Sun, watu wa nyumbani wanadhani ni mafumbo makubwa. Ni hali ya hewa jamani! Jumamosi jua linatoka bila kutangaza, jirani zangu wote wanavua mashati wanaleta viti nje, wanachoma nyama, watu ambao mwaka mzima hawajakusalimia wanakuita jina. Jumapili mvua. Jumatatu hakuna aliyekujua tena. Nyimbo zake zote ndo hizo, siku imeisha, jua limekuja limeondoka, mtu alikuwa hapa sasa hivi. Nyumbani jua halina thamani hiyo, tunalikimbia tunakaa kivulini, kwa hiyo ukisikiliza ukiwa Sinza lazima utafute msiba pa kuuweka.

Mimi kwake nimefika. Kijiji chao kinaitwa Tanworth-in-Arden, kwa gari haifiki saa moja kutoka kwangu. Alizaliwa Burma, baba yake alikuwa injinia huko, ila walirudi akiwa mdogo akakulia hapo. Kijiji ni kidogo, kanisa, baa, nyumba chache nzuri za wenye nazo, kimya mpaka unasikia viatu vyako. Nilidhani kaburi la mtu maarufu litakuwa na uzio na bango. Hamna. Ni kijiwe kidogo chini ya mwaloni nyuma ya kanisa, yeye na wazazi wake pamoja, mtu angekipita. Watu wameacha sarafu na vile vipande vya plastiki vya kupigia gita, ambavyo hata hakuvitumia, alipiga kwa vidole! Nyuma ya jiwe wamechonga mstari kutoka wimbo wa mwisho wa albamu yake ya mwisho. Nilisimama pale na mwavuli dakika kumi, mbwa wa mtu akaja kuninusa, nikaondoka. Sikulia. Palikuwa pazuri tu.

Kitu kingine. Mama yake, Molly Drake, alikuwa anatunga na kuimba nyumbani kwenye piano, mumewe anamrekodi sebuleni miaka ya hamsini. Zilitoka hadharani 2013. Tafuteni. Utasikia zilezile nyendo za mwanawe, sauti inapanda halafu inakaa pasipotegemewa, na maneno ya furaha ambayo inaelekea kuisha. Huyo mama hakufa kijana, alizeeka na akili zake. Kwa hiyo mtoto aliyakuta nyumbani kama wengine tunavyokuta nyimbo za kutwangia.

mzee_wa_santuri
Marahaba mwanangu. Hapo kwa mama yake nakuachia, nimesahau kabisa kumtaja na ndo hoja nzuri kuliko zangu zote. La hali ya hewa nakubali nusu. Fruit Tree je? Ule ni wa umaarufu unaokuja ukishakufa, hauna mvua wala jua la Jumamosi.

DadaWaCoventry
Mzee wangu kijana wa miaka ishirini anasoma mashairi ya wale Waingereza wa zamani waliokufa mapema wote, unategemea aandike nini, mchezo wa bao? Kila mwanafunzi wa fasihi ana shairi moja la kufa. Tofauti yake ni kwamba lake ni zuri na likaja kutimia. Asingekufa tungemtania nalo kwenye bethidei yake ya sabini.

Chizi_Fresh
Nimerudia ile albamu. Nimefika wimbo wa sita leo kabla sijalala, naombeni pongezi. Picha ya nyuma ya kava mmeiona? Kaegemea ukuta wa matofali ametulia, kuna jamaa anapita mbio kama anaiwahi mwendokasi. Huyo anayekimbia ni mimi.

KijanaWaSinza
Aisee asanteni wakuu, sikutegemea. La Rizla limeniaibisha, nilishawasimulia watu watatu kazini kwa sauti ya unabii, kesho sijui naingiaje.

Mrejesho: jana nilijaribu kuhesabu tano kwa mguu kwenye daladala, konda akaniuliza kaka unashukia wapi mbona unahangaika na mguu. Nilifika Sinza bado napotea kwenye nne. Halafu usiku nikatafuta za yule mama aliyosema dada wa Coventry, nikaziweka kwa sauti ndogo jikoni. Wife alikuwa anachambua mchele. Nikasubiri neno msiba. Akasikiliza nyimbo mbili nzima, akauliza huyu mama ni nani. Nikamwambia ni mama yake na yule wa msiba. Akasema, "huyu mwache aimbe," akaendelea na mchele wake.