Tikiti ya "kukutana na msanii" Nairobi: mnawauzia watu 120 nafasi ya watu 36, na mastaa mnaijua hesabu hii

Wadau, uzi huu nimeuandika kwa hasira na nitauacha ulivyo.

Kila wikendi ya mwisho wa mwezi bango ni lile lile, iwe shoo ya uwanja wa wazi au ya ukumbi wa hoteli kule Westlands. Tikiti ya kawaida, VIP, VVIP, na juu ya zote ile ya "kutana na msanii ana kwa ana". Jumatatu lawama zinaanza. Huyu alipewa bega, yule alipigwa picha staa akiangalia simu yake, mwingine hata kivuli hakukiona. Watetezi nao hawachelewi: alikuwa amechoka, naye ni binadamu, mwacheni apumue. Tunabaki kugombana juu ya roho ya mtu, kama ana maringo au hana, na biashara yenyewe inapita katikati yetu salama salimini.

Maringo siyajadili. Najadili hesabu, kwa sababu hesabu haina siku mbaya wala haichoki.

Picha moja ya shabiki mmoja na staa mmoja ina hatua zake. Kumkabidhi msaidizi simu, sekunde 3. Simu imejifunga, inafunguliwa tena na kamera inatafutwa, sekunde 5. Kutembea hadi kwenye alama ya selotepu sakafuni, sekunde 3. Kusimama, kutazama, picha mbili, sekunde 5. Kumshika mkono na kusema "nakupenda sana, wimbo wako ulinitoa mbali", sekunde 5. Na usimkate mtu hapo, maana hicho ndicho alicholipia. Kuchukua simu na kuondoka, sekunde 4. Jumla sekunde 25, na hiyo ni foleni iliyonyooka, hakuna aliyeleta mtoto wala anayetaka kupiga video ya kumsalimia mamake.

Sasa tuseme promota ameuza tikiti 120 za aina hiyo kwa KSh 10,000 kila moja. Watu 120 mara sekunde 25 ni sekunde 3,000. Dakika 50. Ni staa gani anayepewa dakika 50 za kukaa na mashabiki usiku wa shoo? Anapewa 15, akijitahidi sana 20. Dakika 15 ni watu 36. Hao 84 waliobaki wako kwenye kijia nyuma ya jukwaa, tepe mkononi, wakiambiwa "subirini kidogo, anarudi". Harudi. Gari limeshawashwa.

Kuna dawa rahisi inayojulikana na kila mtu aliyewahi kupanga foleni hii: mpigapicha mmoja wa kulipwa, simu zote mfukoni. Ondoa kukabidhi, kufungua na kurudisha simu, umeokoa sekunde 12, umebaki na 13. Kwa dakika zile zile 15 wanapita watu 69. Ona lakini: hata mambo yakienda sawasawa kabisa, 51 kati ya wale 120 waliuziwa hewa. Hewa ya KSh 510,000. Hakuna aliyekosea hesabu hapo. Idadi ya tikiti iliwekwa bila mtu kuuliza staa atakaa dakika ngapi, au aliulizwa, jibu likajulikana, na tikiti zikauzwa vile vile.

Na huyo mpigapicha wa ukumbi, anapokuwepo, mara nyingi hapewi vitu viwili anavyohitaji. Cha kwanza ni taa. Chumba cha nyuma ya jukwaa huwa na balbu moja ya juu au mwanga wa rangi unaovuja kutoka jukwaani, na picha inatoka nusu ya uso ni nyekundu. Taa moja iliyofunikwa kitambaa cheupe, ikawekwa pembeni ya kamera juu kidogo ya kimo cha mtu, inamaliza tatizo hilo. Cha pili ni nambari. Utepe wa mkononi usipokuwa na nambari, na nambari isipopigwa picha kabla ya mtu kusimama na staa, kesho yake kuna mafaili 140 ndani ya folda moja na hakuna anayejua ya nani ni ipi. Hapo ndipo mtu aliyebahatika kuingia anakosa hata ushahidi kwamba aliingia.

Sasa tuje kwa kuchelewa, kwa sababu mastaa hapa hujificha nyuma ya msongamano wa Mombasa Road. Bango limesema kukutana ni saa moja jioni. Staa anafika saa tano, wakati mwingine saa sita na nusu. Jamu ya saa tano usiku ni ya wapi? Sababu huwa mbili. Ya kwanza, amekubali shoo zaidi ya moja usiku ule, mjini moja, Kitengela au Thika nyingine, na ile ya mashabiki waliolipa ndiyo inayocheleweshwa kwa kuwa inajulikana watasubiri. Ya pili ni salio. Desturi ni nusu ya malipo wakati wa kufunga mkataba na nusu iliyobaki kabla ya msanii kupanda jukwaani. Promota mwenye mfuko mwepesi anategemea pesa ya geti kumaliza hiyo nusu ya pili. Geti halijajaa saa moja jioni. Benki zimefungwa. M-Pesa nayo haipitishi zaidi ya KSh 250,000 kwa muamala mmoja, wala zaidi ya KSh 500,000 kwa siku. Basi msanii anakaa ndani ya Prado kwenye maegesho, mita mia moja kutoka kwa watu waliomlipia, meneja akisubiri ujumbe uingie. Msanii ana haki ya salio lake, sibishani na hilo, wengi wamedhulumiwa na mapromota. Lakini shabiki yule alilipa pesa yake yote wiki tatu kabla. Kwa nini yeye ndiye anayelipishwa kwa masaa yake?

Matokeo ya saa tano hayo: anashuka garini moja kwa moja hadi jukwaani, na kukutana na watu kunahamishiwa baada ya shoo. Hapo ndipo kila kitu kinaharibika. Amepiga dakika 45 chini ya taa kali, jasho limevuruga vipodozi, sauti imekauka, masikio yanalia kwa spika, na nguo inamshika mwilini. Mtu wa namna hiyo kweli amechoka na kweli hataki kushikwa. Lakini uchovu huo ulipangwa! Kukutana kungekuwa kabla ya shoo, nguo zikiwa safi na sauti nzima, ungekutana na mtu mwingine kabisa. Mafundi wakimaliza kupima sauti alasiri, kuna pengo kabla geti halijafunguliwa. Nusu saa pale ingetosha watu 138 kwa mpango wa mpigapicha mmoja. Wangepita wote 120, na dakika nne zibaki.

Na wenzetu wa shoo za usiku, mnaotoka Rongai, Kayole, Githurai: kukutana kunaposogezwa hadi saa nane usiku, bei ya tikiti imepanda bila kutangazwa. Ongeza nauli ya teksi, kwa sababu ile matatu uliyohesabu haipo.

Watetezi watasema promota ndiye mwizi, msanii hakujua. Mara nyingi ni kweli kwamba kifungu cha kukutana na mashabiki hakimo kwenye mkataba. Ndani ya mkataba kuna aina ya maikrofoni, idadi ya chupa za maji, vyumba vya hoteli, tiketi za ndege za kundi zima. Mashabiki hakuna. Promota anaongeza tikiti ile baadaye ili azibe pengo lake. Sawa. Lakini bango lenye daraja hilo la tikiti liliwekwa kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, likiwa na uso wake na nambari ya till, ile ya kulipia kwa M-Pesa, na alilipigia debe siku kumi mfululizo. Aliyetangaza bidhaa kwa uso wake hawezi kusema usiku wa shoo kwamba hajui inauzwa. Kurekebisha hili ni mstari mmoja tu kwenye mkataba: watu wangapi, dakika ngapi, saa ngapi, picha inapigwa na nani. Mistari ya maji ya chupa inaandikwa kwa makini. Na huu uandikwe.

Baunsa sasa. Huyu ndiye staa mnayekutana naye kwa kweli, mgongo wake ndio picha mnayorudi nayo nyumbani. Ameambiwa jambo moja tu, asiguswe, na hajapewa orodha ya nani alilipa. Tepe za VVIP na za kukutana na msanii zikiwa za rangi moja, atamsukuma aliyelipa na kumpitisha binamu ya meneja. Kosa hilo ni la aliyechapisha tepe. Lakini kunyang'anya mtu simu na kufuta picha ni kosa la baunsa mwenyewe na la aliyemtuma. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Usalama wa Kibinafsi ya 2016 mlinzi anapaswa awe amesajiliwa, na fulana nyeusi si usajili. Akikushika kwa nguvu, hilo ni suala la kituo cha polisi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, usikubali limalizwe kwa "pole boss" pale mlangoni.

Kuna jambo jingine linalonichoma zaidi ya tikiti, na nitalipitia haraka. Ni staa anayekutana na mtu wa kawaida akiwa na kamera yake mwenyewe. Mama wa mboga, mlinzi wa geti, mtoto kwenye taa za barabarani. Anapewa elfu moja, anaulizwa maswali ya kumliza, na video inapanda kabla hata hajafika nyumbani. Hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu uso wa mtu kuwa data yake, na kwa mtoto idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Mnaodhani ni maneno matupu, mkumbuke Septemba 2023: Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi KSh 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja KSh 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Mwenye uso anaweza kulalamika kwa afisi hiyo bila malipo. Elfu moja si idhini.

Na msiniambie umaarufu ndio unaomlazimu mtu awe hivi. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019, dunia nzima ikitazama, akarudi kambini Kaptagat kusafisha choo kwa zamu kama kijana aliyejiunga jana.

Mliolipa na hamkuhudumiwa, hii ndiyo njia. Msijaribu kurudisha pesa kwa nambari 456 ya M-Pesa, huduma hiyo ni ya aliyetuma kimakosa, na ninyi mlituma kwa kukusudia. Hifadhini bango lenye maneno kamili ya tikiti, kwa sababu hufutwa Jumapili asubuhi. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala na jina lililotokea kwenye till, kwani hilo jina ndilo mnalolishtaki, si jina la msanii lililo kwenye bango. Pigeni video fupi ya foleni inayoonyesha saa. Mwandikieni promota kwa maandishi, mtaje kiasi na mpe siku 14. Akikaa kimya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiza madai ya hadi KSh 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa maelezo ya kweli na kulipwa fidia kwa hasara, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza kumuuzia mtu huduma kwa maelezo ya uongo. Kuuza nafasi 120 mahali pa 69 ni maelezo ya uongo.

KSh 10,000 watu huiacha iende kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kwa hiyo hapa chini naomba kitu kimoja: bandikeni maneno yaliyoandikwa kwenye tikiti yenu, saa iliyoahidiwa, na saa mliyotoka. Majina ya wasanii msiweke, tusianze tena ya maringo. Tukipata tikiti za shoo moja, walalamishi watakwenda Milimani siku moja, kila mtu na dai lake.